Kasma ya Mtaro

Huu mwaka wa sita naliandika neno mtaro.
Vidole vinalijua kuliko jina la mwanangu:
Mtaro wa Kiyangu, mita mia nne, tofali na saruji,
kisha tarakimu, kisha nafasi ya saini,
kisha, makisio yakiiva, kalamu ya mkubwa:
usogezwe mwaka ujao.

Nao unasogea. Mtaro gani huu wenye miguu?
Ulitoka ukurasa wa kumi na nne,
ukalala ukurasa wa thelathini,
mwaka juzi niliukuta nyuma kabisa,
kwenye viambatisho, umejikunja kama paka.

Jumamosi ya maoni, ukumbi wa shule,
watu ishirini na mmoja, feni moja imesimama;
umeme ulikatika saa nne, hatukushangaa.
Diwani akasema: kodi ya jengo si adhabu, ni mchango.
Wakampigia makofi walioketi mbele,
ambao posho zao zimo ukurasa wa tatu,
na ukurasa wa tatu hausogei.

Akainuka Somoe Ausi, fundi cherehani,
mpangaji wa vyumba viwili nyuma ya soko,
kopo la maziwa ya unga kwapani.
Akalimimina mezani kwangu.
Risiti za luku, wino umefifia,
zanuka mafuta ya cherehani.

"Mwenye nyumba yuko Tandahimba na mikorosho yake.
Nyumba ni yake, ukuta ni wake, mita iko ukutani,
ila anayenunua umeme ni mimi.
Kila mwezi elfu moja mia tano inakwenda
kabla taa haijawaka. Sikatai.
Msidhani nimekuja kukataa.
Januari maji yalifika kwenye kanyagio,
nikashona sare za watoto wenu
miguu juu ya kreti ya soda.
Nauliza tu: mtaro wangu umefika wapi?"

Wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza:
"Swali limepokelewa."
Ofisini kwetu likishapokelewa
huwa tumeshalizika.

Risiti akaniachia.
Usiku nikazihesabu kwa tochi ya simu:
thelathini na sita.
Hamsini na nne elfu.
Tofali, bei ya Chikongola, elfu moja mia nane.
Yakaja matofali thelathini, hayakuzidi hata nusu.
Nikayapanga kwenye karatasi ya mraba,
kuta mbili, kila ukuta kozi tatu,
kila kozi matofali matano
(saruji sikuiweka, wala kibarua, wala mchanga).
Mita mbili na robo.
Urefu wa mkeka.

Ni kidogo?
Ni kidogo.
Lakini si sifuri,
na kwenye safu ya utekelezaji
nani aliandika sifuri miaka yote hiyo,
akaipulizia wino ukauke,
akaigongea muhuri?

Basi rasimu ya mwaka huu nimeichapa hivi,
ukurasa wa tatu, chini ya posho, herufi zile zile:
*Mtaro wa Kiyangu. Mita mbili na robo
zimekwisha kulipiwa na S. Ausi, mpangaji.
Zimebaki mita mia tatu tisini na saba
na robo tatu.*

Mkubwa kaniita.
"Hii kasma gani?"
Nikasema: deni.
Akachukua kalamu, akaifungua kifuniko,
akaishika hivyo hivyo muda mrefu
akitazama dirishani, upande wa Kiyangu,
ambako wingu lilikuwa limekwisha kaa.
Hajaandika kitu. Mpaka leo hajaandika.

Somoe nilimkuta sokoni, ananunua ming'oko.
Sikujua nimwambie nini, nikaanza na salamu,
nikafika kwenye ukurasa wa tatu.
Akanisikiliza mpaka mwisho, ming'oko mkononi.
"Risiti kaa nazo," akasema.
"Kopo nirudishie.
Lile ni la vifungo."